Chai Isiyopata Kulala

Nyanchera aliamka kabla ya jua, kama alivyoamka kwa miaka kumi na tisa. Akavaa buti. Akajifunga aproni ya plastiki. Akabeba kikapu mgongoni, akatoka nje. Akasimama peke yake katika ukungu wa kijijini Manga, akakumbuka kwamba hakuna msimamizi wa kuita majina.

Hapa hapakuwa shamba kubwa la Kericho. Palikuwa nyumbani kwa marehemu mama yake, penye mistari mitatu tu ya michai.

Kule walichuma wakiwa hamsini. Walitaniana, wakaimba nyimbo za Sabato, wakamsengenya msimamizi. Kisha kampuni ikaleta mashine za kuchuma. Asubuhi moja wakaambiwa langoni kwamba kazi imekwisha. Wakaagana stendi, kila mtu na godoro lake. Hakuna aliyepiga simu tena. Labda waliona haya. Nyanchera pia aliona haya. Majirani aliwaambia yuko likizo. Likizo hiyo sasa ilikuwa na miezi minne.

Jioni alikula peke yake. Nyumba ilikuwa kimya mno, hata kijiko kikigonga sahani alishtuka.

Kwa hiyo alichuma kila siku. Mistari mitatu iliisha kabla umande haujakauka. Kisha alipeleka majani kidogo kwenye kituo cha kununulia chai. Pale watu walipanga foleni na kupiga soga. Alisimama nyuma, akasikiliza. Sauti hizo ndizo alizozifuata.

Bathsheba, karani wa kituo, alikiinua kikapu chake kwa kidole kimoja.

"Bwakire, Nyanchera," alimwamkia. "Juzi umeleta. Jana umeleta. Majani yako hulala lini?"

Foleni ikacheka.

"Mchai huchumwa, kisha huachwa siku saba au zaidi," Bathsheba aliendelea. "Ukiuchuma kila siku unaudhoofisha. Fundi mzima wa Kericho hujui hilo?"

Alijua. Alijua kuliko wote pale.

"Mikono haitaki kukaa," alisema. Kisha maneno yakamtoka. "Siko likizo, Bathsheba. Nimeachishwa kazi."

Bathsheba alikiweka kikapu chini.

Foleni ilipokwisha, Bathsheba alimketisha kwenye benchi.

"Kuna Celestine ng'ambo ya kijito," alisema. "Kuna Mokua karibu na kanisa. Wote wametoka Kericho. Wote eti wako likizo."

"Mokua yule mpogoaji? Yuko hapa?"

"Amejifungia ndani kama kuku anayeatamia."

Nyanchera alikunja ngumi. "Ni zile mashine. Ningekuwa na shoka!"

"Ungevunja moja, wangeleta mbili. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na kampuni inataka kupunguza gharama. Lakini mashine si sababu pekee. Chai yetu nyingi huuzwa nje kwa magunia. Wenzetu huko huifunga kwenye pakiti nzuri, na kazi hiyo wanaipata wao. Nasi tunanunua nguo, viatu, hata vijiti vya meno kutoka nje. Mafundi wetu wanabaki bila wateja, viwanda vinafungwa."

"Kwa hiyo kosa ni letu?"

"Hapana! Kampuni ilipaswa kuwaambia mapema na kuwafunza kazi nyingine. Chama cha wafanyakazi kilipaswa kudai hilo. Serikali nayo isaidie viwanda vijengwe karibu na mazao. Hayo tuyadai, tusinyamaze. Lakini tukiwa tunadai, tutafute pia mahali penye kazi na pasipo na watu."

Alinyoosha mkono kuelekea mteremkoni. Michai ya mzee Angwenyi ilikuwa imerefuka kupita paa la nyumba yake. Watoto wake wote walikuwa Nairobi.

"Jumatatu anaing'oa apande mikaratusi," Bathsheba alisema. "Mikaratusi haihitaji mchumaji. Ikipandwa, kazi hiyo imekwenda."

Nyanchera hakungoja Jumatatu. Alimtoa Celestine ndani, kisha Mokua. Mokua alipomwona mlangoni alisema tu, "Hata wewe?" Nyanchera akamweleza habari ya mikaratusi, naye akachukua panga lake. Kisha wakaenda kwa Angwenyi.

"Tata," Nyanchera alisema kwa heshima, "usiing'oe. Tutaipogoa, ichipue upya."

Mzee alimkazia macho. "Si wewe unayechuma machipukizi kabla hayajazaliwa?"

"Ni mimi, Tata. Nilikosa kwa sababu michai yangu ni michache. Yako ni mingi."

"Imekuwa msitu. Mbuzi wangu alipotelea humo siku mbili." Akafikiri. "Zamani tulikuwa na risaga. Majirani wote huja kulima kwako, kesho wewe unakwenda kwao. Nani anakuja siku hizi?"

"Sisi. Lakini hii ni kazi ya malipo, na tutaandikiana mkataba."

"Na mkiharibu?"

"Ng'oa ukitaka," Mokua akajibu. "Jembe nitakupa mimi."

Mzee akacheka, akakubali. Matawi yaliyokatwa yakawa kuni zake.

Chai iliyopogolewa haichumwi kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo walitafuta mashamba mengine ambayo wamiliki wake wamezeeka au wako mjini. Bathsheba aliwaonyesha jinsi ya kusajili kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Afisa wa kilimo aliwafunza kutunza miche. Kikundi kilifikia watu kumi na mmoja. Si hamsini. Baadhi ya asubuhi Nyanchera bado alisikiliza ukungu, akitafuta sauti za Kericho.

Michai ya Angwenyi ilipochipua tena, walichuma majani mawili na chipukizi, safi. Mzee aliwapikia ndizi. Vijiko kumi na viwili vikagonga sahani pamoja. Nyanchera hakushtuka.

Siku hiyo kituoni Bathsheba alitazama vikapu vilivyojaa.

"Lakini chai ya shamba la mama yako sijaiona wiki nzima. Iko wapi?"

"Imelala," Nyanchera alijibu. "Kesho ndiyo siku yake."