Gogo Lililozibuliwa

Shemeji yangu ni fundi vioo, lakini si wa madirisha. Anatengeneza nyumba za buibui. Ukitaka kucheka, cheka; hata sisi tulicheka siku aliyokuja kumposa dada. Kuna watu wanaofuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, na wenye madoido kuliko wote ni wale wanaoishi mitini. Hao hawataki boksi la chini. Wanataka kioo kirefu kilichosimama, matundu ya hewa pande mbili, udongo wenye unyevunyevu, mimea, na gogo lenye tundu lililoegemezwa kwenye kona, ili buibui apande, aingie ndani na kufuma utando wake.

Shemeji alikata vioo na kuviunga kwa gundi. Dada alipanda mimea. Alikuwa na mkono mzuri wa kupanda, na mdomo ndio usiseme. Tangu asubuhi anaongea na miche, na udongo, na buibui wenyewe. Shemeji alimwita Redio. Ukipita dirishani mwa karakana yao ungemsikia akiusimulia mche wenye majani mawili habari za mtaa mzima, na mumewe anacheka peke yake huku anapangusa vioo. Raha ya nyumba ile ilikuwa sauti hiyo, na Shemeji hakuomba nyingine.

Asubuhi moja daktari wa meno, mteja wao wa zamani, alileta tarantula mpya ndani ya kopo akaomba atengenezewe nyumba haraka. Magogo yalikuwa yamewaishia. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya nyumba iliyofungwa miaka mingi, mzee seremala alikuwa ameangusha mti mkavu, naye wakati huo alikuwa amekwenda kula. Shemeji akavuka, akajichagulia tawi nene lenye tundu la kupendeza.

Tundu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa cha nta, kimeshindiliwa hadi ndani. Mtu mwingine angejiuliza nani anaziba tundu la mti. Shemeji aliwaza hewa. Tundu lililozibwa hufuga ukungu, na ukungu huua buibui. Akakivuta kitambaa kwa kibano. Kilitoka polepole, na kilipokwisha kutoka, tawi likashusha pumzi. Alidhani ni upepo.

Kitambaa akakitupa kwenye taka. Tawi akalioka kwenye oveni kuua wadudu, kama wanavyofanya siku zote, akalisimamisha ndani ya kioo, na dada akapanda majani kulizunguka.

Buibui hakuligusa. Alijibana kwenye kona ya mbali, amekunja miguu yote, juu ya kioo kitupu. Buibui wa mitini ukimwekea tundu haombwi kuingia. Wakamwambia daktari asubiri kidogo, mgeni azoee. Dada akafungua mlango wa kioo, akasogeza mdomo hadi tunduni.

"Ingia, mwanangu," alibembeleza. "Huku ndani kuzuri. Ngoja nikupigie hadithi, utajisikia nyumbani."

Akampigia hadithi siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine, mdomo tunduni.

Ikaanza kidogo kidogo. Kwanza dada aliacha mizaha. Kisha akawa anaanza sentensi na kuiacha njiani. Shemeji alimtania kwamba betri zimekwisha. Hakujibu. Hospitali wakamchungulia koo, wakasema ni zima, apumzike tu. Akapumzika, na hata mnong'ono ukamwisha. Shemeji akawa halali vizuri. Alimtazama mkewe akifungua mdomo na kuufunga, na moyo ulimuuma.

Mchana mmoja walikuwa jikoni wote wawili. Dada anamenya viazi, kimya.

Karakanani akasikika dada akiongea.

Ilikuwa habari ya jirani na mbuzi wake, ile aliyoisimulia tunduni juma lililopita, pamoja na kicheko chake, palepale alipochekea. Dada aliweka kisu chini. Machozi yakamtiririka. Hata kilio chake hakikuwa na sauti.

Shemeji akaenda. Karakanani hapakuwa na mtu. Mlango wa kioo ulikuwa umefungwa. Sauti ilitoka tunduni. Na buibui alikuwa ametoka kwenye kona yake, amesimama juu ya tundu, anafuma. Hakufuma kwa ndani kama wenzake. Alifuma kwa nje, tabaka juu ya tabaka.

Alikuwa anaziba.

"Kitambaa kiko wapi?"

Ni seremala, mlangoni. Alikuwa anapita, akasikia, na macho yake hayakubanduka kwenye lile tawi.

"Nilikitupa, mzee," Shemeji alinong'ona. "Taka zimeshabebwa."

"Mti ule tuliukuta umezibwa tangu utoto wetu. Hatukuuliza. Nilitaka kuuchoma hivyohivyo. Mwache mdudu amalize kazi."

"Na mke wangu je?"



Shemeji hakuweza kumwacha buibui azibe. Ndani ya tundu lile kulikuwa na kila alichokipenda nyumbani kwake. Akafungua mlango, akauchana utando. Buibui akamwinulia miguu ya mbele, akarudi nyuma. Akamwita mkewe, akamshika mabega, akamweka mbele ya tundu.

"Vuta," alimnong'oneza. "Vuta pumzi. Chukua kilicho chako."

"Fundi, usifanye hivyo," mzee alisema taratibu. "Hakuna anayeziba tundu tupu. Humo mlikuwa na mtu kabla yake."

Dada alikuwa ameshaanza. Alivuta. Akaendelea kuvuta, kupita kiasi cha kifua cha mtu. Habari ya mbuzi ikakatika katikati. Karakana ikanyamaza.

"Mume wangu," dada akasema.

Ilikuwa sauti yake. Shemeji alilia mbele ya mzee wala hakuona haya. Tawi likachomwa uani, likaungua kama kuni nyingine yoyote. Buibui alipewa gogo jipya, akaingia bila kubembelezwa, na daktari akaja kumchukua.

Redio ikarudi hewani. Majirani walifurahi, wakasema nyumba imepata uhai tena. Dada anaongea tangu asubuhi, tena zaidi ya zamani, na ana habari ambazo Shemeji hajui amezitoa wapi. Habari za watu waliokufa zamani. Shemeji hakuzitilia maanani. Alishukuru tu kwamba anasikia.

Hadi juzi. Alikuwa anapangusa kioo, dada anaongea na mche. Kiu ikamshika dada. Akanyanyua glasi ya maji, akainywa kwa mafunda marefu, moja baada ya jingine, hadi tone la mwisho. Shemeji alikuwa anamtazama. Aliliona koo likipanda na kushuka.

Wakati wote huo maneno hayakukatika.