Wagonjwa wa Marehemu Daktari Abueva

Kaburi la thelathini na mbili halikuwa na jiwe.

Kila mwaka, Jumapili moja mwishoni mwa Mei, ukoo wa Fugate hupanda kilima chao na mafagio, maua na kuku wa kukaanga, kwenda kuwasafishia wafu wao makaburi. Bibi Opal Fugate huyahesabu kwa kidole, maana waliolala pale wote anawajua kwa majina. Mwaka huu alihesabu mara tatu, akaweka ufagio chini, akawapigia simu polisi.

"Sisi tuko thelathini na mmoja hapa, mwanangu," alimwambia Sajenti Rhoda Napier, mpelelezi wa polisi wa jimbo la Kentucky. "Huyu ni mgeni. Na mazishi yake mimi sikualikwa."

Kaburi likafukuliwa. Alikuwamo mwanamume wa miaka sitini hivi, miguu yake imeelekezwa mashariki kama wanavyozikwa watu wa milimani. Alikuwa amefunikwa shuka la viraka lililoshonwa kwa mkono. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Muuaji gani anapiga pasi?" Rhoda aliuliza.

"Nimeona mengi," alijibu daktari wa uchunguzi wa maiti. "Pasi, bado."

Majibu yalitoka siku ya tatu. Hakukuwa na jeraha wala sumu. Bonge la damu lilikuwa limeziba mapafu, na mtu huyo alikuwa amekufa tangu mwezi Machi. Alama za vidole zilikutwa kwenye mafaili ya leseni za udaktari: Daktari Crisanto Abueva, Mfilipino, mjane asiye na mtoto, bingwa wa tiba ya dharura katika hospitali ndogo ya kaunti. Vyeti vyake vilikuwa safi. Usajili wake katika bima ya afya ya serikali, ile ya wazee, ulikuwa hai.

Na kwa mujibu wa bima hiyo, Daktari Abueva alikuwa ametibu mgonjwa juzi.

Rhoda aliomba orodha. Akaletewa kurasa tisa: wagonjwa mia mbili na kumi na wawili waliotibiwa na marehemu baada ya kufa kwake. Kwenye ukurasa wa sita, tarehe kumi na nne Aprili, alilikuta jina la Lorene Napier. Mama yake.

Mama alipelekwa kwenye hospitali hiyo na maumivu ya kifua, akafa kabla Rhoda hajafika. Hati ya kifo ilisema moyo, na chini yake palikuwa na saini ya daktari ambaye wakati huo alikuwa chini ya udongo.

Sheria ilimtaka ampishe mwenzake kesi hiyo. Hakumpisha. Alitaka kujua jambo moja tu: mama angepona?

Chumba cha dharura cha hospitali ile kina vitanda vinne, na hakuna kingine mpaka uvuke mlima, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Muuguzi wa zamu alikuwa Verna Fugate, mtoto wa kaka yake Bibi Opal, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye macho mekundu.

"Daktari yuko wapi?"

"Amejinyoosha kidogo. Ana zamu ndefu, Sajenti."

"Shangazi yako anasema hujawahi kukosa kwenda makaburini. Mwaka huu umekosa."

"Nilikuwa kazini."

"Shuka la viraka ni la nani?"

Verna aliisukuma droo ya sindano ikafunga. "La mama yangu."

"Mashimo ya migodi yamejaa huku. Ungemtia humo tusingemwona abadani."

"Mtu awatibu watu wako miaka kumi na mmoja, halafu umtupe shimoni?" Sauti ya Verna ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nilijua Mei itafika. Nilijua shangazi atahesabu. Lakini mahali pengine pa kumlaza kwa heshima sikupajua."

Akaeleza yote akiwa amesimama. Daktari alikuwa saa ya thelathini na moja ya zamu. Alikwenda kujilaza, hakuamka. Alikuwa daktari pekee aliyebaki, na wagonjwa wanane katika kila kumi walikuja na kadi ya bima ya serikali. Kumsajili daktari mwingine ni miezi ya fomu, na fomu haijali nani anakata roho. Bila daktari, chumba kingefungwa siku ile ile.

"Ukaingia kwenye kompyuta kwa jina lake."

"Nikawaambia watu, daktari ameona vipimo vyako. Wakaniamini."

"Na wenzako?"

"Waliniona nimefunga mlango wa chumba chake. Wakaamua kutouliza."

"Kwa nini, Verna? Utaozea jela."

"Walishakifunga chumba hiki mara moja, siku tisa, majira ya baridi ya mwaka juzi. Mume wangu Dallas alishikwa na moyo siku ya sita. Nilikuwa naendesha mwenyewe. Alinifia kwenye kona ya pili ya mlima, huku akiniambia nisikimbize gari." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikaapa haitatokea tena."

"Wamepona wangapi?"

"Waliopona sikuwahesabu."

"Ulimhesabu nani?"

"Mama yako."

Rhoda alishika ukingo wa kitanda.

"Nilidhani ni moyo," Verna alisema. "Nikampa dawa ya kuzuia damu isigande. Kumbe mshipa mkubwa ulikuwa umechanika. Dawa ile ndiyo iliyommaliza. Nimesoma vitabu vyote vya daktari, natafuta mahali panaposema hata yeye angekosea."

"Umepaona?"

"Yeye angempima presha mikono yote miwili, maana mshipa ule ukichanika, mkono mmoja husoma tofauti na mwingine. Ni dakika mbili tu. Mimi nilipima mmoja."

"Angepona?"

"Angepata nafasi."

Rhoda alimfunga pingu huku machozi yakimtiririka, wala hakuyaficha. Nje gari la wagonjwa lilikuwa linaingia, king'ora kikilia. Rhoda alipomtoa Verna mlangoni, dereva alichungulia kwenye dirisha la gari.

"Mzee wa miaka sabini, kifua. Daktari yupo?"

Rhoda alitikisa kichwa.

"Hayupo."

Dereva alimtazama, akazitazama zile pingu, akaanza kugeuza gari kuelekea mlimani. Verna alilikimbilia, mikono imefungwa mgongoni.

"Mpimeni mikono yote miwili," alipiga kelele. "Jamani, yote miwili!"