Cheti cha Dawa Katikati ya Magauni

Mama Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, maana pindo lake halifumuki hata ucheze nalo mpaka jasho likulowanishe. Chumba chake cha kazi ni kidogo. Cherehani liko dirishani. Pembeni kuna meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa. Mumewe ana karakana ya kuchomelea vyuma, nyumba ya pili. Watu wanamwita Cheche. Si kwa sababu ya moto wa kazi tu. Hata mdomo wake unarusha cheche.

Mama Pindo ana kifafa. Anameza dawa asubuhi na jioni. Tangu aanze kumeza bila kuruka hata siku moja, hajaanguka. Haoni aibu, ila hajatangaza. Mumewe anajua, basi.

Cheti chake cha dawa cha zamani kililowa kwenye maji ya kufulia kikawa uji. Alipopewa kipya, akakipiga picha kwa simu. Karatasi ikipotea tena, jina la dawa na kipimo chake atavipata.

Sasa kosa liko hapa. Simu hiyohiyo ndiyo anayoonyeshea mishono. Mteja akifika, anapewa. "Shika, angalia mwenyewe. Ukiona unalolipenda, niite." Mteja anasukuma kidole, gauni baada ya gauni.

Siku moja akaja msichana anayekaribia kuolewa, na shangazi yake. Walileta kitambaa cheupe cha gauni la harusi. Mama Pindo alikuwa hajawahi kupewa gauni la harusi. Alikishika kile kitambaa kama anashika mtoto mchanga.

Shangazi akachukua simu. "Hili mgongo wazi hivi! Anaolewa au anakwenda kuogelea?"

"Shangazi, sukuma mbele," msichana akasema huku akicheka.

Shangazi akasukuma. Akasukuma tena. Kidole kikasimama.

"Mh! Cheti cha dawa! Si kimeandikwa kifafa hapa?"

Mama Pindo alikuwa amepiga magoti, anapima urefu wa gauni. Futi ikamponyoka.

"Naomba simu, shangazi."

"Kumbe fundi unaumwa! Na hilo cherehani lina sindano! Ukiangukia kitambaa cha mtoto wetu je?"

"Shangazi, jamani!" msichana akasema.

"Nimekosea nini? Nimeuliza tu." Shangazi akakunja kitambaa. "Tutarudi, fundi."

Tutarudi ya namna hiyo kila fundi anaijua.

Mdomo wa yule shangazi hauna kifungo. Habari ikatembea. Mteja mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Mwingine akaanza kumsemesha polepole, kama mtu aliyelazwa. "Pole, mama. Unaendeleaje?"

Cheche akawaka. "Nakwenda kwake sasa hivi! Atanijua leo!"

"Ukaseme nini? Utawatangazia hata ambao hawajasikia. Kaa chini."

Cheche akakaa. "Basi futa hiyo picha."

"Nitaifuta."

Kesho yake Mama Pindo alikwenda duka la dawa kuchukua dawa zake. Mfamasia pale ni dada mmoja mpole. Hataji jina la dawa ya mtu kwa sauti hata siku moja. Mama Pindo akangoja watu wapungue, akamweleza yote.

"Kwa hiyo naifuta," akamaliza.

"Usiifute, mama. Ukiugua ugenini, daktari atajuaje unatumia dawa gani, na kiasi gani? Kuwa nayo si kosa. Kosa ni kuiacha sebuleni, wageni wote wanaiona."

"Sasa niiweke wapi?"

"Chumbani. Halafu ufunge mlango."

Akamwonyesha. Simu nyingi zina sehemu ya kufungia picha. Ukihamishia picha humo, inatoka kwenye picha nyingine. Haifunguki mpaka uandike neno la siri.

"Niweke mwaka niliozaliwa?"

"Ndugu zako wote wanaujua huo."

"Basi niweke 'Pindo'."

"Mama! Si limeandikwa juu ya mlango wa kazi yako?"

Wakacheka wote wawili.

"Chukua maneno manne yasiyohusiana," mfamasia akasema. "Mtu asiweze kuyabahatisha. Usiyatumie kufungulia kitu kingine. Na usimwambie mteja, wala mimi. Haya, andika. Mimi nageukia huku." Akageuka, akatazama rafu zake.

Mama Pindo akaandika. Kisha akauliza, "Na nikianguka, nani atafungua?"

"Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Na karatasi yenyewe ya cheti itunze nyumbani, mahali pakavu. Ukisahau neno la siri, picha unaweza usiipate tena. Kama uliwahi kumtumia mtu picha hiyo, mwombe aifute."

Jioni akamnong'oneza Cheche yale maneno manne. Cheche akaapa hatasema.

Kweli hakusema. Asubuhi Mama Pindo alimpelekea chai karakanani. Sasa, Cheche vipimo vyake vyote huviandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma, unaotazama barabara. Chini ya kipimo cha geti la jirani, kwa herufi kubwa, yalikuwapo maneno manne.

"Baba! Hii ni nini?"

"Nisisahau."

"Na hawa wapita njia?"

"Watadhani ni oda."

Mama Pindo akafuta kwa kiganja, hasira na kicheko vinamkaba pamoja. Akaweka maneno mapya. Safari hii Cheche akayarudia moyoni, midomo ikicheza kama mbuzi anayetafuna, mpaka yakakaa.

Lakini kufungwa kwa picha hakurudishi neno lililokwishatoka. Cherehani liliendelea kulala. Mpaka yule msichana aliporudi, peke yake, na kitambaa chake.

"Samahani kwa siku ile, mama. Nilikwenda kwa fundi mwingine, akanipima mkono mmoja akasahau wa pili." Akaweka kitambaa mezani. "Ni kweli lakini, unaumwa?"

Mama Pindo akavuta futi shingoni. "Nina dawa, nameza, nashona. Kifafa hakiambukizi, wala hakipiti kwenye sindano kuingia kwenye kitambaa. Mengine ni yangu na daktari wangu. Unataka mkono mrefu au mfupi?"

"Mrefu," msichana akasema, akainua mikono apimwe.

Gauni likashonwa, likavaliwa, bibi harusi akacheza nalo usiku kucha. Pindo halikufumuka. Wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja.

Siku moja mlango ukagongwa. Shangazi! Ana kitambaa kwapani.

"Fundi, nami nishonee. Lete simu nichague."

Mama Pindo akampa. Shangazi akasukuma kidole, kwanza polepole, halafu mbio, kama mtu aliyedondosha kitu. Mwisho akabonyeza mahali, akakunja uso.

"Hii inataka neno la siri. Humu kuna nini?"

"Hapo umefika chumbani kwangu, shangazi," Mama Pindo akasema, anatia uzi kwenye sindano. "Rudi sebuleni. Magauni yako huko."