Mwizi Aliyeacha Nakala

Mtambo wa kuendeshea mtandao haukuwepo. Nyuma ya duka la cherehani palibaki rafu tupu, na mama mwenye duka ameketi kando yake kama aliyefiwa.

"Kila kitu kilikuwa humo," alimwambia Inspekta. "Video za miaka tisa. Wazazi elfu tatu wa watoto viziwi wanajifunzia lugha ya alama kwenye mtandao wetu. Hatuna tajiri wala matangazo. Tunachangishana tu, na kuunganishwa na mitandao mingine midogo kama wetu."

Inspekta, mwanamke asiyependa kuharakishwa, aliinama. Kufuli zima. Dirisha zima. Nyaya zimeviringishwa vizuri, kila moja na kamba yake. Wezi aliowazoea hukata nyaya kwa kisu.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi na mkwe wangu. Yeye ndiye fundi wa mtandao. Lakini huyo usimguse, hata kupaza sauti hajui."

"Simgusi, mama. Nauliza tu."

Akapekua. Kwenye droo ya vifungo alikuta kisanduku cha kuhifadhia data, kimeandikwa tarehe ya jana. Mtaalamu wa maabara ya polisi aliyekuja naye alikichomeka kwenye kompyuta yake. Video zote zilikuwemo! Kigelegele kilimtoka mama bila kutaka.

"Kunakili haya yote huchukua muda gani?" Inspekta aliuliza.

"Saa tano, afande."

Saa tano! Mwizi gani huyu, anaiba huku anaihurumia mali ya watu?

Mkwe aliitwa. Alikuja na shati lililopigwa pasi na macho mekundu.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nasafisha mtambo."

"Saa tano nzima?"

Macho ya mkwe yalikwenda kwenye kisanduku.

"Mtambo uko wapi?"

"Kwangu. Chini ya kitanda."

Mama alishika kifua. "Mwanangu! Kwa nini?"

"Michango inalipa nusu tu, mama. Umeme, intaneti, diski za video... nusu nyingine natoa kwenye mshahara wangu, mwaka wa tatu sasa. Binti yako ameanza kuuza vyombo. Nikaona mtambo ukiibiwa, mtandao utakufa bila mtu kulaumiwa, na video zibaki kwako."

"Kusema tu kulikushinda?"

"Nitamwambiaje mama mkwe kwamba nimeshindwa? Kila mwezi unanisifu mbele ya watu."

"Mficha uchi hazai," alisema Inspekta, akafunga daftari. Mama alikuwa ameshakataa kushtaki.

Saa nane mchana mtambo ulikuwa hewani. Mama mwenyewe aliandika kwenye mtandao gharama zote, senti kwa senti, na jina la aliyekuwa akibeba nusu yake. Mitandao jirani ikausambaza ujumbe.

Kufikia saa kumi, gharama za miaka miwili ijayo zilikuwa zimelipwa na michango bado inaingia. Mzazi mmoja aliandika: "Mbona hamkusema? Sisi tulidhani michango inatosha."

Mama alimgeuzia mkwe wake kompyuta. Naye akasoma majina ya waliochangia, moja baada ya jingine, kisha akalia kwa furaha mbele ya mama mkwe wake, wala hakuona haya.