Picha ya Mama Yake Mama Séverine

Haya yalimkuta rafiki yangu Ladislas, fundi fremu wa Nsemulwa, alipokuwa akikusanya picha za zamani za mtaa zitundikwe ukumbini. Mama Séverine alimletea moja ya majirani saba mbele ya nyumba za kwanza za tope, wote wakimtazama mpiga picha.

“Huyu wa pembeni ni mama yangu,” alisema. “Hakuacha picha nyingine. Uitunze, mwanangu.”

Picha ilizidi fremu kwa vidole viwili. Kwa haraka zake Ladislas akaipunguza pembeni, kipande akakitupa kwenye jiko la mkaa. Alikumbuka alichoambiwa wakati kimeshashika moto.

Alasiri Mama Séverine alirudi kuitazama. Mvua ilikuwa ikipiga mabati na umeme umekatika. Ladislas aliingia stoo alikoiweka picha, akipapasa gizani, akitafuta uongo wa kumwambia. Akasikia mchakacho ndani ya fremu, kama karatasi inayojikunja.

“Umemwona mama?” Mama Séverine aliuliza kutoka mlangoni.

Ladislas akawasha tochi ya simu, akaimulika picha. Majirani sita walikuwa wamesimama palepale, ila wote walikuwa wamegeuza nyuso, wakitazama pale alipokata.