Mashine Iliyobisha Hodi kwa Hatibu

Mashine iitwayo Mbishahodi ilisimama mbele ya mlango wa chuma, ikaita kwa sauti ya msichana mdogo: "Hodi! Nifungulieni, nimechelewa!" Wageni wakapiga makofi.

Mhandisi Mweri, mkuu wa Makumbusho ya Mapambano mjini Ukwaju, alieleza kwa fahari. Miaka arobaini iliyopita, wavamizi walipouteka mji huu uliochimbwa chini ya ardhi ya Mirihi, walikuta milango isiyovunjika. Kila mlango ulifunguka kwa neno moja, "karibu", likitamkwa na mwenye nyumba. Basi wakaunda mashine hii, inayosoma hifadhi ya mazungumzo ya simu ya mji na kuiga sauti yoyote iliyomo. Wakazi nao wakajifunza kunyamaza, hata wavamizi wakashindwa na kuondoka.

"Isipokuwa huyu," alisema, akionyesha picha ukutani. Chini yake palikuwa na kibao: HATIBU SEFU, MSALITI. ALIWAKARIBISHA WAVAMIZI.

Bi Shemsa, mjane wa Hatibu, akajipenyeza hadi mbele. Alikwisha kuandika barua tisa kuhusu kibao kile. Leo alikuja mwenyewe, na hakuja kubembeleza.

"Shikamoo, mama," Mweri alisema, akimtambua. "Tulishakujibu. Rekodi ya mlango inaonyesha alitamka."

"Marahaba. Alitamka, sikatai. Majirani kumi na mmoja waliojificha kwetu walichukuliwa, na mpaka leo nawalilia. Lakini mashine hii ilimwita kwa sauti ya mwanetu, tuliyemzika wiki ile ile. Wewe ungenyamaza?"

"Ningenyamaza. Sote tulifundishwa."

"Haya. Ingia nyuma ya mlango huo, ujifungie."

Watu wakacheka. Mweri aliona haya kukataa mbele yao, akaingia; mlango huo wa maonyesho uliitii sauti yake. Bi Shemsa akaitajia mashine jina la mama yake Mweri, aliyefariki mwaka juzi.

"Hodi, baba," sauti ya kikongwe iliita, ikikohoa kidogo. "Mbona umejifungia peke yako?"

"Karibu, ma..."

Mlango ukafunguka. Mweri alisimama kizingitini akiitazama mashine, machozi yakimtoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Bi Shemsa hakumwonea huruma. Alifungua mkoba, akatoa bisibisi, akamkabidhi.

"Kibandue kibao kile mwenyewe," alisema. "Mbele ya hawa hawa uliowaonyesha."

Mweri akapiga magoti chini ya picha ya Hatibu, akaanza kulegeza skrubu ya kwanza.