Sekunde ya Arobaini na Moja

Mama Eustakia alikuja kwenye kituo chetu cha redio saa kumi na mbili jioni, nikiwa nafunga madirisha ya studio. Kesho alfajiri lori lingemrudisha Burundi, maana kambi ya wakimbizi ilikuwa inafungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Wiston. Nimefuata sauti ya mtoto wangu. Sina hata picha yake."

Nilijua anasema sauti gani. Mwaka 1997 Adelfina, miaka saba, alirekodi hapa tangazo la kumtafuta mama yake. Ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa hapa Ngara miaka ile: mtu anataja jina lake, la baba yake na mlima aliotoka, maana kwao kijiji hutajwa kwa mlima wake, sisi tunatangaza kila jioni mpaka ndugu wapatikane. Wakipatikana, kanda inawekwa alama nyekundu na hairushwi tena. Mama alikuwa kambi ya jirani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hakusikia kitu. Kipindupindu kikamwahi mtoto.

Nikaiweka kanda kwenye kinasa sauti kilichounganishwa na kompyuta. Ssss... Kelele zilimzidi mtoto. Lakini nilikuwa nimeandika maagizo yangu mwenyewe, nyongeza ndogo ya kupachika kwenye programu ya sauti: futa kelele, bakiza mtu. Nikaipachika. Ikaenda vizuri hadi sekunde ya arobaini na moja.

Programu ikajifunga.

Nikaifungua upya. Arobaini na moja... ikajifunga. Nikaondoa nyongeza nyingine zote, nikabakiza hiyo moja. Ikajifunga. Nikajaribu kanda nyingine ya miaka ile, ya mzee Bartholomayo. Ikapita mpaka mwisho, sauti safi kabisa. Mimi si mtu wa mizimu, nimezoea kutafuta kosa kwenye nyaya. Nikaiagiza iandike kila hatua kabla ya kufa. Mstari wa mwisho ulikuwa ujumbe wangu mwenyewe, niliouweka kwa ajili ya kanda tupu:

"Hakuna mtu."

Harufu ya klorini ikajaa studio, ile ya hema la wagonjwa wa kipindupindu. Mama naye aliisikia. Akashika ukingo wa meza.

"Achana na hayo maagizo," akanong'ona. "Nisikie hivyo hivyo."

Nikaiondoa nyongeza. Ssss... "Naitwa Adelfina... namtafuta mama yangu, Eustakia..." Sekunde ya arobaini. Tangazo liliishia hapo. Kinasa sauti nilikizima mwenyewe siku ile.

Kanda ikaendelea.

"Mjomba... umenitangaza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, nikaweka alama nyekundu kwenye kanda isiyohusika. Adelfina hakutangazwa hata mara moja. Miaka kumi sikumwambia mtu.

Mama akanigeukia. "Ulimtangaza?"

"Nilimtangaza, mama. Kila jioni."

Programu ikajifunga. Nyongeza haikuwemo.

Mama Eustakia akaitoa kanda, akaisogeza kwenye taa. Alama nyekundu ilikuwa bado inaonekana, na watu wote wa kambini walijua maana yake. Akaifunga kwenye pindo la kitenge, akatoka bila kuniaga.

Sasa kila jioni, nikimaliza matangazo, nasoma na la Adelfina: jina lake, la baba yake, mlima wake. Najua hakuna atakayepiga simu. Nasoma tu, na harufu ya klorini haijatoka.